Nani Ameshikana na Nani

Mtu akifika Butembo na kuuliza, "Vyama viko vingapi hapa?", ataandikiwa majina mpaka karatasi iishe. Lakini jina la chama halisemi chama hicho kimeshikana na nani. Jambo hili tulijifunza kwa uchungu.

Wazee wetu walijua kuunganisha watu. Emmanuel Kataliko, aliyekuwa Askofu wetu tangu 1966 mpaka 1997, aliona barabara zimekufa na Serikali haina mkono wa kuzifufua. Wafanyabiashara walikuwa na magari na fedha; wakulima walikuwa na maharagi na viazi visivyofika sokoni; parokia zilikuwa na watu wa kuitwa siku ya kazi. Kila mmoja alimhitaji mwenzake, naye akawahimiza washikane. Chuo Kikuu cha Graben kilizaliwa mwaka 1989 katika moyo ule ule.

Tarehe 1 Agosti 2018 ikatangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, karibu na Beni. Waganga walimtafuta kila aliyemgusa mgonjwa, wakaandika nani amekula na nani, nani amezika nani. Ajabu ni kwamba vyama havikutazamwa hivyo. Mikutanoni waliitwa hasa wenye ofisi na muhuri. Mama wa soko na wenye pikipiki walisikia habari redioni. Tena magari yalikuja na askari, katika nchi iliyokwisha kuona mauaji tangu 2014.

Desemba ile uchaguzi wa Beni na Butembo uliahirishwa, na Ebola ikatajwa kuwa sababu. Tarehe 30 watu wa Beni walipiga kura yao wenyewe, bila ofisi yo yote, tena walinawa mikono kwanza! Nani aliwapanga? Kamba zisizoandikwa po pote.

Lakini hasira ilibaki. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kamerun, aliuawa hospitalini Butembo. Hakuna kosa la mikutano linaloweza kuhalalisha damu hiyo. Mwezi wa Julai kazi ilikabidhiwa kwa Profesa Muyembe. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa 3,470 wakiwa wamehesabiwa, na wafu 2,287.

Baadaye, jioni moja, sisi wa shirika letu tulichora vyama vya mtaa wetu chini kwa kijiti. Kila chama duara. Mstari pale wanaposaidiana, nukta pale wanapogombana. Kati ya wenye pikipiki na kituo cha afya hapakuwa na mstari wo wote, na hali ndio waliobeba wagonjwa usiku. Duara lililojaa mistari kuliko yote lilikuwa la akina mama wa likelemba, ishirini tu, wanaochanga kila Jumamosi nyuma ya soko. Tuliwauliza ni nani aliyewaita mikutanoni siku zile za ugonjwa. Wakacheka.