Mstari Usio na Pambizo: Programu za Ramani na Swali la Mpaka kati ya Mbarara na Nakivale

Utangulizi

Kilima cha Kamukuzi, mjini Mbarara, kilikuwa makao ya Omugabe wa Ankole hadi falme za Uganda zilipofutwa mwaka 1967. Baadaye kilikuwa pia mahali pa ofisi za wilaya ya Mbarara. Kusini-mashariki yake, katika eneo lililokuwa sehemu ya wilaya hiyo hadi Isingiro ilipoanza kujitegemea mwaka 2006, yako Makazi ya Wakimbizi ya Nakivale. Makazi haya, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 185, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Ndani yake wanaishi watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na Ethiopia, na kwa wengi wao Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya mikutano.

Makala haya yanafuatilia namna eneo hili lilivyochorwa, kuanzia ramani za karatasi hadi programu za kompyuta za mezani, seva na ramani za mtandaoni. Hoja kuu ni kwamba kila hatua ya teknolojia imeshusha gharama ya kuchora mstari, lakini imezidi kuutenga mstari huo na pambizo zake. Pambizo hapa ni zile taarifa ambazo ramani ya karatasi ilizibeba kandoni mwake: nani alipima, lini, kwa msingi gani wa vipimo, na kwa mamlaka gani. Mahali ambapo mpaka wa makazi ndio unaoamua nani alime wapi, upotevu huo ni suala la haki.

Tao la Longitudo ya 30

Upimaji wa kisasa wa Ankole haukuanzia kwenye ploti wala shamba, bali kwenye umbo la dunia. Mwaka 1908 na 1909 wapimaji wa Kiingereza walipima magharibi mwa Uganda sehemu ya tao la longitudo ya 30 Mashariki, mradi uliopendekezwa na mwanafalaki David Gill ili kuunganisha vipimo vya kusini mwa Afrika na vya Misri. Pengo la mwisho la tao hilo, lililokuwa Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Kutokana na kazi hiyo ulipatikana msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, uliotumia kielelezo cha umbo la dunia kilichokokotolewa na Clarke mwaka 1880.

Ramani za Uganda za kipimo cha 1:50,000, zilizotokana na picha za angani na kazi ya idara ya upimaji wa makoloni iliyoundwa London mwaka 1946, zilijengwa juu ya msingi huo. Karatasi ya ramani hizo ilikuwa na pambizo pana. Humo mliandikwa mwaka wa picha, mwaka wa uchapishaji, mfumo wa vipimo na maelezo ya alama, pamoja na onyo kwamba mipaka fulani isichukuliwe kuwa rasmi. Msomaji aliyeinunua Entebbe aliweza kuutilia shaka mstari kwa kusoma kando yake tu.

Makazi na mpaka wake

Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi wa Rwanda walipokuwa wakikimbia machafuko ya nchini mwao. Tangu mwanzo mpaka wake ulikuwa na kazi mbili: kutenga ardhi, na kutenga watu. Kazi hiyo ya pili ilidhihirika mwezi Oktoba 1982, pale maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa wakiishi Ankole, wakimbizi na wasio wakimbizi, walipofukuzwa majumbani mwao. Wengi walisukumiwa katika makazi ya zamani ya wakimbizi, na wengine wakavuka kuingia Rwanda. Kuwa upande huu au ule wa mstari kulikuwa kumegeuka kuwa ushahidi wa uraia.

Baada ya mwaka 1994 wakimbizi wengi wa zamani walirejea Rwanda, na wengine wapya wakaingia kutoka nchi jirani. Wenyeji nao walilima na kuchunga katika maeneo waliyoyaona kuwa yao au yaliyoachwa wazi. Migogoro ya mpaka baina ya wenyeji, wakimbizi na serikali imekuwa sehemu ya historia ya Nakivale tangu wakati huo. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 na Kanuni zake za 2010 zilimpa mkimbizi anayeishi katika makazi haki ya kutumia ardhi kwa kilimo na malisho, lakini si ya kuiuza wala kuikodisha. Hivyo mkimbizi hana hatimiliki ya kuonyesha. Ulinzi wake ni kwamba shamba lake limo ndani ya mpaka wa makazi.

Kompyuta ya mezani: mstari waachana na karatasi

Mifumo ya taarifa za kijiografia iliingia katika ofisi za Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990. Utafiti wa Kitaifa wa Biomasi, uliofanywa na Idara ya Misitu kwa msaada wa Norway, ulikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo zilizogeuza picha za setilaiti na ramani za karatasi kuwa data za kompyuta. Programu za kampuni ya Esri ya Marekani zilitawala kipindi hicho. Leseni zake zilikuwa ghali, kwa hiyo zilipatikana zaidi katika wizara, vyuo vikuu na miradi ya wafadhili.

Mabadiliko mawili yalipanua uwanja huo. La kwanza ni uamuzi wa Marekani, mwezi Mei 2000, wa kuondoa kosa lililoingizwa kwa makusudi katika mawimbi ya GPS ya kiraia. Kipokezi cha mkononi, ambacho awali kingeweza kukosea kwa mita 100 hivi, kikawa chombo cha kutegemewa shambani. La pili ni programu huria. Gary Sherman alianza kuandika QGIS mwaka 2002, toleo la 1.0 likatoka mwaka 2009, na toleo la 3.0 mwaka 2018. Ofisi ya wilaya, shirika dogo au mwanafunzi wa Mbarara akaweza kufanya bila malipo kazi iliyohitaji leseni ya maelfu ya dola.

Hapa ndipo pambizo zilipoanza kupotea. Umbizo lililoenea zaidi katika kubadilishana data za ramani, liitwalo shapefile, si faili moja bali kundi la mafaili. Moja kati ya hayo, lenye kiambishi cha .prj, ndilo linaloeleza mfumo wa vipimo. Mtu akituma mengine na kulisahau hilo, ramani hufunguka bila kulalamika, lakini kompyuta haijui tena nambari zake zinapimwa kutoka wapi. Katika Afrika Mashariki, tofauti ya nafasi kati ya Arc 1960 na WGS84, msingi unaotumiwa na GPS, ni takriban mita 300. Kwa mashamba yenye upana wa mita 50, hayo ni mashamba sita yaliyopangwa ubavu kwa ubavu.

Athari yake kwa mpaka wenye mgogoro ni wazi. Mstari ulionakiliwa kutoka ramani ya zamani, ukiwekwa juu ya picha ya setilaiti bila kubadilishwa msingi, unaweza kuonyesha safu nzima ya nyumba kuwa nje ya makazi ilhali zimo ndani, au kinyume chake. Kosa la hesabu na uvamizi wa kweli huonekana sawasawa kwenye kioo cha kompyuta. Anayeweza kuvitofautisha ni yule tu anayejua asili ya mstari.

Seva: rejesta ya Mbarara

Hatua iliyofuata ilikuwa kuhamisha data kutoka kompyuta ya mtu mmoja hadi hifadhidata ya wengi. Msingi wake wa kiufundi ulikuwa tayari: MapServer ya Chuo Kikuu cha Minnesota katika miaka ya 1990, kiwango cha kimataifa cha kusambaza ramani kupitia wavuti kilichotolewa mwaka 2000, na PostGIS iliyoanza mwaka 2001. Nchini Uganda, Wizara ya Ardhi ilianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2010 mfumo wa kitaifa wa taarifa za ardhi katika kanda sita za majaribio, Mbarara ikiwa mojawapo pamoja na Kampala, Wakiso, Mukono, Jinja na Masaka. Hatimiliki za karatasi zilipigwa picha, zikaingizwa katika hifadhidata na kuunganishwa na ramani za viwanja.

Mfumo huo uliongeza kasi na ukapunguza nafasi ya kughushi. Hata hivyo, rejesta ya hatimiliki inajua kile kilichosajiliwa. Katiba ya 1995 inatambua umiliki wa kimila sambamba na wa hatimiliki, lakini sehemu kubwa ya ardhi ya kimila nchini haina hati. Nakivale hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa haki ya mkimbizi ni ya matumizi tu. Seva ikiulizwa kuhusu shamba la mkimbizi hukosa jibu, na ukimya huo ni rahisi kufasiriwa kuwa hakuna haki.

Mfano wa njia nyingine ulipatikana nchini Uganda kwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, mtandao wa ardhi ulio chini ya UN-Habitat ulifanya majaribio mjini Mbale ya programu iliyojengwa juu ya QGIS na PostGIS ili kuandikisha uhusiano wowote kati ya mtu na ardhi, hata usiofikia hatimiliki: kukaa, kutumia, kupanga, kurithi. Wakazi wa mitaa isiyopimwa walishiriki wenyewe katika kukusanya taarifa. Umuhimu wake ni kwamba programu ilikubali kuandika haki jinsi zilivyo, pamoja na ushahidi wake, badala ya kuzikataa kwa kutolingana na fomu.

Mtandaoni: ramani ya kila mtu

Ramani za Google zilianza mwaka 2005, mwaka mmoja baada ya OpenStreetMap kuanzishwa nchini Uingereza. Kutoka Kenya ikaja Ushahidi mwaka 2008, na Map Kibera mwaka 2009, zikaonyesha kwamba wakazi wanaweza kuchora mahali ambapo ramani rasmi ziliacha wazi. Mwaka 2010 Microsoft iliruhusu picha zake za setilaiti zitumike kuchora OpenStreetMap, na mwaka 2017 Kampala iliandaa mkutano wa kwanza wa Afrika wa wachoraji wake. Simu ya mkononi, pamoja na programu za fomu kama ODK na KoboToolbox, ilimwezesha msaidizi wa kijiji kurekodi kisima au zahanati papo hapo.

Kisha mashine nayo ikaanza kuchora. Mwaka 2019 Microsoft ilitoa michoro ya majengo takriban milioni 18 ya Uganda na Tanzania iliyotambuliwa na kompyuta katika picha za setilaiti. Mwaka 2021 kituo cha utafiti cha Google cha Accra kilitoa data za majengo zaidi ya milioni 500 barani Afrika. Kwa mpangaji wa shule au chanjo huu ni msaada mkubwa. Lakini paa lililotambuliwa na mashine haliwezi kueleza kama aliye chini yake ni mwenyeji au mkimbizi, wala kama alifika kabla au baada ya mpaka kuchorwa.

Ni haki kusema kwamba teknolojia mpya imerudisha baadhi ya kilichopotea. GeoPackage, umbizo ambalo QGIS 3 hulitumia kwa kawaida, huweka mfumo wa vipimo ndani ya faili moja pamoja na data. Data za Google huambatana na kiwango cha uhakika kwa kila jengo. OpenStreetMap huhifadhi kila badiliko, tarehe yake na akaunti iliyolifanya. Tatizo ni kwamba hayo yote yamekaa nyuma ya picha. Afisa anayefungua ramani kwenye simu wakati wa kikao cha usuluhishi huona mstari tu, uliokolea wino sawa na mwingine wowote, uwe ulipimwa na mpima ardhi au ulikisiwa na mchoraji aliye ng'ambo.

Mapendekezo ya kisera

Historia hii inaelekeza kwenye hatua tatu ambazo hazihitaji programu mpya. Kwanza, mpaka wa Nakivale utakaotumiwa katika uamuzi wowote wa kumhamisha mtu uchapishwe ukiwa na tarehe, njia ya upimaji, msingi wa vipimo na jina la mamlaka iliyouidhinisha. Mstari usio na taarifa hizo usikubaliwe kuwa ushahidi. Pili, rejesta ya ardhi ya kanda na kumbukumbu za ugawaji wa mashamba katika makazi zisomeke pamoja, ili ukimya wa mfumo mmoja usihesabiwe kuwa hukumu. Muunganisho huo ufuate Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwani ramani inayoonyesha mahali mkimbizi anapolala ni taarifa ya hatari ikiangukia mikono mibaya.

Tatu ni lugha. Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Katika vijiji vya Nakivale, Kiswahili ndicho ambacho Mkongo na Mrundi wangetumia kuhoji mstari. Pambizo zikibaki katika Kiingereza cha kitaalamu, haki ya kuhoji inabaki ofisini. Wanaisimu na wapima ardhi wanapaswa kukubaliana istilahi chache za lazima, kama vile msingi wa vipimo, tarehe ya picha na kiwango cha uhakika, na kuziweka katika ramani zenyewe.

Hitimisho

Kwa karne moja na zaidi, kalamu ya ramani imehama kutoka kwa msafara wa wapimaji hadi idara ya serikali, kutoka idara hadi kwa mtaalamu wa mradi, kisha kwa mwenye simu, na sasa kwa mashine. Mamlaka ya kuamua mpaka hayakuhama kwa kasi hiyo. Pengo kati ya uwezo wa kuchora na uwezo wa kuthibitisha ndilo linalowaumiza wanaoishi karibu na mstari, wenyeji na wakimbizi kwa pamoja. Kulipunguza kunaanza na jambo ambalo karatasi ya 1:50,000 ililifanya kwa kawaida: kila mstari kueleza ulikotoka mbele ya mtu ambaye maisha yake unayagawa.