Historia ya Kilimanjaro katika nyaraka

Kumbukumbu za Moshi na miteremko ya Kilimanjaro zimetawanyika: za serikali ya kikoloni zipo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, za misheni ya Leipzig zipo Ujerumani. Wapo wanaozikataa wakisema ni sauti ya mtawala tu. Hoja hiyo ni nzito, maana taarifa za Kijerumani kuhusu Mangi Meli, chifu wa Kichagga aliyenyongwa Old Moshi mwaka 1900, ziliandikwa na upande uliomnyonga. Hata hivyo, Nathaniel Mtui, Mchagga wa Marangu, alijaza madaftari kwa historia za wamangi, na mwandishi Kathleen Stahl akayatumia katika kitabu chake cha 1964 kuhusu Wachagga. Wakulima wa kahawa nao, walioungana mwaka 1925, walivutana na serikali kwa maandishi, na malalamiko yao yamo ndani ya majalada yaleyale ya mtawala.