Jina la Duka na Kazi ya Kiwanda: Utambuzi wa Bunduki za Pampu za Marekani

Bunduki ya marisau ambayo mwindaji huijaza upya kwa kuvuta na kusukuma mshikio wa mbele, na ambayo kwa kawaida huitwa bunduki ya pampu, ni miongoni mwa silaha zilizotengenezwa kwa wingi mkubwa nchini Marekani katika karne ya 20, na kwa sababu hiyo ni miongoni mwa zile zinazopita mikononi mwa watu wengi, kwa urithi, kwa mnada au kwa kuuzwa tena dukani. Anayeipokea ikiwa imekwisha kutumika hukuta maandishi machache ubavuni mwa mtutu, na kosa linalotendeka mara nyingi ni kuyachukua maandishi hayo kuwa jina la aliyeiunda. Kwa sehemu kubwa ya karne hiyo, jina lililochapwa kwa herufi kubwa mara nyingi lilikuwa la muuzaji, ilhali vipuri, yaani springi, pini, komeo na mitutu ya akiba, hufuata kiwanda kilichoiunda na kipindi ambacho kiwanda hicho kilikuwa kikitumia muundo fulani.

Bunduki ya kwanza ya aina hii kupata soko la maana ilitokana na hataza ya mwaka 1882 ya Christopher Spencer, yule yule aliyejulikana kwa bunduki yake ya risasi nyingi iliyotumika katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, akishirikiana na Sylvester Roper. Biashara yake haikudumu, na haki zake zikanunuliwa na Francis Bannerman, mfanyabiashara wa mabaki ya vifaa vya kijeshi wa New York, ambaye aliishtaki kampuni ya Winchester ilipoanza kuuza pampu yake yenyewe, na akashindwa. Pampu hiyo ya Winchester ilikuwa kazi ya John Browning wa Utah, na ilitoka kwanza kama modeli ya 1893, iliyokusudiwa baruti nyeusi ya zamani, kisha ikaimarishwa na kuwa modeli ya 1897, ambayo iliendelea kuuzwa hadi mwaka 1957 na kupita idadi ya bunduki milioni 1.

Modeli ya 1897 ndiyo inayofundisha somo la kwanza la utambuzi, kwa kuwa Winchester iliibadilisha mara kadhaa bila kubadilisha jina lake. Kila badiliko kubwa la mitambo ya ndani liliwekewa alama ya herufi, kama C, D na E, mbele ya namba ya mfululizo, yaani ile namba ya pekee inayochapwa kwenye kasha la chuma linalobeba mitambo, hivi kwamba bunduki mbili zenye jina moja na sura moja zinaweza kukataa kubadilishana vipande vya ndani. Mrithi wake, modeli ya 12 iliyotoka mwaka 1912 chini ya usanifu wa T. C. Johnson, ilileta tatizo la namna nyingine: vipande vyake vilikuwa vikisuguliwa na kuoanishwa kwa mkono kiwandani. Sifa hiyo ndiyo iliyoipa ulaini wake maarufu, na ndiyo hiyo hiyo iliyofanya gharama zake zipande hadi ikaondolewa katika uzalishaji wa kawaida miaka ya mwanzo ya 1960. Mtutu wa akiba ulionunuliwa kwa ajili ya modeli ya 12 unaweza kuwa halali kwa kila kipimo na bado ukahitaji fundi bunduki wa kuukaza ukae sawa.

Hata hivyo, mkanganyiko mkubwa zaidi ulitoka madukani na haukuanzia viwandani. Montgomery Ward, iliyoanzishwa mwaka 1872, na Sears, Roebuck iliyofuata baadaye, ziliuza bidhaa kwa katalogi zilizotumwa kwa posta hadi mashamba ya mbali, na kwa kuwa hazikutaka mteja alinganishe bei yao na bei ya duka la jirani, ziliagiza bunduki kutoka viwanda vinavyojulikana na kuzichapa majina ya kwao. Ward ilitumia jina la Western Field. Sears ilitumia Ranger kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha J. C. Higgins, kisha Ted Williams, mchezaji wa besiboli wa Boston Red Sox aliyeingia mkataba na kampuni hiyo baada ya kustaafu mwaka 1960. Higgins naye alikuwa mtu halisi, mfanyakazi wa idara ya hesabu ya Sears ambaye jina lake lilipendeza masikio ya wakubwa wake, na huenda hakuna mhasibu mwingine duniani aliyeandikwa kwenye mitutu mingi kiasi hicho. Duka la vifaa vya magari la Western Auto, kwa upande wake, lilikuwa na jina la Revelation.

Nyuma ya majina hayo walikuwapo watengenezaji wachache tu. Pampu ya J. C. Higgins modeli ya 20 iliundwa na High Standard ya Connecticut. Ted Williams modeli ya 200 ni Winchester 1200 iliyobadilishiwa vazi. Western Field modeli ya 30 ni Stevens 520, usanifu mwingine wa Browning wenye kasha lililopinda mgongo. Nazo Revelation 310, Western Field 550 na New Haven 600, jina jingine la biashara, zote ni Mossberg 500. Sears ilirahisisha kazi kwa yule anayejua kusoma, kwa sababu namba zake za bidhaa ziligawanyika kwa nukta, na tarakimu tatu za mwanzo ziliwakilisha msambazaji: 583 ni High Standard, na 273 ni Winchester. Kwa hiyo namba ndogo inayoonekana kama ya karani wa ghala ina thamani kubwa kuliko jina la mchezaji mashuhuri lililo kando yake.

Kujua kiwanda, hata hivyo, hakutoshi. Mossberg 500 ilipotoka mwanzoni mwa miaka ya 1960, mshikio wake wa mbele uliunganishwa na komeo, yaani kipande kinachofunga nyuma ya mtutu, kwa ufito mmoja wa chuma, kwa sababu Remington ilishikilia hataza ya fito mbili iliyoitumia katika modeli yake ya 870 tangu mwaka 1950. Hataza hiyo ilipokwisha, Mossberg ilihamia kwenye fito mbili kuanzia mwaka 1970 hivi, na tangu hapo mishikio na makomeo ya kabla na baada ya badiliko hilo hayabadilishani ovyo. Mwenye Revelation 310 hana budi kufungua bunduki na kuhesabu fito kabla ya kuagiza kitu chochote. Mitutu ya modeli hiyo nayo hufungwa kwenye ncha ya bomba la risasi lililo chini yake, hivyo kinachoamua kama mtutu utaingia ni urefu wa bomba, na urefu wa mtutu wenyewe hauna neno.

Ithaca 37, ambayo ilisubiri hataza za Remington modeli ya 17 zikome ndipo ikatolewa mwaka 1937, ina mpaka wake uliochorwa kwa namba. Bunduki zenye namba ya mfululizo chini ya 855,000 zinahitaji mtutu uoanishwe na fundi, na zilizo juu ya hapo hupokea mtutu wa akiba moja kwa moja. Remington nayo ilikuwa ikichapa kwenye mtutu herufi za siri za tarehe, ambapo herufi za BLACKPOWDERX husimama badala ya miezi kumi na miwili kuanzia Januari. Lakini herufi hizo hutoa umri wa mtutu, na mtutu wa 870 hubadilishwa kwa dakika chache, kwa hiyo wengi wamejidanganya kwa kuichukua tarehe ya mtutu kuwa tarehe ya bunduki nzima.

Ukosefu wa namba ya mfululizo usimtishe mtafiti wala kumfanya adhani ameshika silaha iliyofutwa alama. Ni Sheria ya Udhibiti wa Bunduki, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 22 Oktoba 1968, iliyowalazimisha watengenezaji wote wa Marekani kuchapa namba kwenye kila bunduki, na kabla ya hapo nyingi za bei nafuu, zikiwamo za Sears, zilitoka kiwandani bila namba yoyote.

Jambo la mwisho linahusu usalama kuliko historia. Geji ni idadi ya goroli za risasi, zenye upana wa mtutu, zinazotimiza uzito wa ratili moja, na ndiyo maana geji 12 ni pana kuliko geji 16. Lakini geji haisemi lolote kuhusu chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inayopokea ganda la risasi. Modeli za kwanza za Winchester 12 za geji 16 zilikuwa na chemba ya milimita 65, na ganda la kisasa la milimita 70 huingia humo bila kizuizi, kisha hukosa nafasi ya kufunguka linapolipuka, na shinikizo likapanda kupita kiasi. Chemba ya bunduki ya zamani lazima ipimwe na fundi hata kama maandishi ya mtutuni yanaonekana wazi.

Tukirudi kwenye vipuri, High Standard ilifungwa mwaka 1984, na maduka ya Montgomery Ward yakafuata mwaka 2001, kwa hiyo hakuna tena kiwanda wala karani wa katalogi wa kuulizwa. Vipuri vingi vya J. C. Higgins modeli ya 20 vinavyouzwa leo vimetolewa kwenye bunduki nyingine za aina hiyo hiyo zilizovunjwa.