Mkono, mota na skrubu ya hadubini

Shangazi yangu alikuwa mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya wilayani Iramba, Singida. Umeme ukikatika, alihamishia hadubini dirishani, akageuza kioo chake kidogo kutafuta mwanga wa jua, kazi ikaendelea. Kabla hujamwambia mgonjwa kwamba hana vimelea vya malaria, unatakiwa uwe umepitia angalau maeneo 100 ya slaidi. Yaani mara 100 unasogeza, unarekebisha, unatazama. Vidole vikichoka ukaruka maeneo, mtu anarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Kazi hii ya kusogeza ina historia ndefu, msomaji, na imeanza na skrubu. Miaka ya 1670 Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Uholanzi, alisogeza kitu alichokitazama mbele ya lenzi kwa skrubu aliyoizungusha kwa vidole. Robert Koch alipokuja Dar es Salaam mwaka 1897 na kuchunguza malaria, naye alitegemea vidole hivyo hivyo.

Mota ilichelewa kufika. Tunayoizungumzia ni stepa, ambayo haizunguki tu kama feni. Inaruka hatua moja kwa kila mpigo wa umeme. Miaka ya 1920 Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilikuwa tayari linatumia mota za aina hiyo melini, kupeleka maelekezo ya kulenga mizinga. Ukihesabu mipigo, unajua umefika wapi.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walichapisha jukwaa la hadubini linalotolewa na printa ya 3D kwa kipande kimoja cha plastiki. Halitelezi kwenye reli, linapinda. Humo ndimo ilimotoka hadubini ya OpenFlexure. Kufikia makala yao ya 2020, ambayo waandishi wake ni pamoja na watu wa Taasisi ya Afya Ifakara na Bongo Tech & Research Labs, zaidi ya hadubini 100 zilikuwa zimetengenezwa Tanzania na Kenya.

Unaweza kuijenga bila mota, ukazungusha gia kwa mkono, au ukafunga stepa tatu ndogo. Skrubu yake ya M3 inasogea nusu milimita kwa mzunguko mmoja. Stepa ya bei nafuu inaugawa mzunguko wake katika hatua kama 2,048, kwa hiyo hatua moja ni karibu robo ya maikromita, hata kabla ya kuhesabu gia nyingine. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hivi. Shangazi hana kidole cha namna hiyo!

Lakini mota haina macho. Ukiigusa gia kwa mkono, kompyuta bado inaamini jukwaa liko pale pale. Iambie irudi kwenye kimelea ulichokiona mwanzo, itakupeleka kwingine bila wasiwasi wowote. Ndiyo maana kamera ikapewa kazi ya kuisahihisha: programu inapiga picha, inasogeza hatua kadhaa, inapiga tena na kulinganisha. Hata kulenga inafanya hivyo, kwa ujanja ninaoupenda sana: picha kali hutoa faili kubwa kuliko picha yenye ukungu.

Nilipomweleza shangazi, aliuliza jambo moja. Umeme ukikatika kwenye eneo la 60, je? Nikamwambia jukwaa litabaki palepale, maana skrubu hairudi yenyewe, ila hesabu inapotea kama haikuhifadhiwa.

“Mimi,” akasema, “nilikuwa naandika kwenye karatasi.”