Kutoka Utendi hadi Jukwaa: Kisima katika Kifo Kisimani

Ni rahisi kuisoma tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani (2001), kama kisa cha Fumo Liyongo kilichovikwa siasa za Kenya ya miaka ya Moi. Usomaji huo si wa makosa, ila unaliacha kando jambo ambalo kwetu ni kubwa zaidi: kisa kilichotungwa kwa ajili ya sikio kimehamishiwa mbele ya macho.

Kisa chenyewe kilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akakitungia utendi. Humo Liyongo anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Anayemchoma ni mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mtawala. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na kufa akiwa amelenga mshale. Mji mzima unashinda na kiu kwa kuogopa maiti. Mandhari hii haihitaji jukwaa, kwani msikilizaji wa utendi hujichorea mwenyewe.

Kithaka, mzaliwa wa Tharaka, nchi kavu iliyo kati ya Meru na Embu, anakibadili kisa mahali pawili. Muuaji si mwana tena bali ni ndugu: Gege, aliyerubuniwa na utawala wa Mtemi Bokono kwa ahadi ileile ya mke, anamuua Mwelusi. Pia kisima, ambacho kwa Kijumwa ni mahali pa kufia, sasa ni mahali pa kuulia. Mabadiliko haya hayakuletwa na siasa peke yake. Usaliti wa chumbani, gizani, husimuliwa. Usaliti wa kisimani, ambako kila mtu huja kuteka maji, huonekana. Hadhira inafanywa shahidi. (Mtu aliyekulia nchi kavu hahitaji kuelezwa kisima ni nini.)

Lakini kuna hasara. Yule maiti aliyepiga goti, anayeutisha mji kuliko alivyoutisha akiwa hai, ndiye taswira nzito kuliko zote katika kisa cha kale, nasi tunamkosa.

Ulinganisho na tamthilia ya Herman Heijermans, Op Hoop van Zegen, iliyoigizwa kwanza Amsterdam mwaka 1900, unasaidia hapa. Wavuvi wa Heijermans wanazama baharini, mbali na jukwaa. Hadhira inapata habari zao kwa vilio na mazungumzo ya wanawake waliobaki pwani, huku dhoruba ikivuma nje ya nyumba. Kifo chake tayari ni cha kusikika, na kwa hiyo tamthilia hiyo imeweza kuhamia redioni bila ya kuvunjwa. Ya Kithaka haihami kwa wepisi huo. Redioni ndoo itasikika ikigonga maji, hatua zitasikika, na pengine ukelele. Bali atakayeiandaa itambidi aamue ni nani atakayetuambia kwamba mkono ulioua ni wa ndugu.