VAR: Mwamuzi Msaidizi wa Video

Mwamuzi msaidizi wa video ni mwamuzi wa soka anayefuatilia mechi akiwa nje ya uwanja, mbele ya skrini zinazoonyesha picha za kamera mbalimbali, na kumshauri mwamuzi wa kati kwa redio panapotokea kosa kubwa. Istilahi hii inafasiri neno kwa neno jina la Kiingereza linalofupishwa kuwa VAR. IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka, kilimwingiza katika sheria hizo Machi 2018, miezi michache kabla ya Kombe la Dunia la Urusi. Sehemu ya kwanza ya jina si ngeni: mwamuzi msaidizi ni yule ambaye mashabiki wamemwita mshika kibendera miaka yote.

Redioni na kwenye vibanda umiza, hata hivyo, kinachotamkwa ni kifupisho, tena kwa upatanisho wa kitu: “VAR imekataa bao”, “VAR imewabeba”. Upatanisho huo unapotosha, kwa sababu unamwonyesha msikilizaji mashine mahali walipo watu. Msaidizi huyu hukosea kama binadamu yeyote, wala hana mamlaka ya kukataa bao; neno la mwisho ni la mwamuzi wa kati. Ndiyo maana “mwamuzi msaidizi wa video”, pamoja na urefu wake, ni istilahi bora kuliko “teknolojia ya VAR”.

Sheria za 2018 zilimpa mambo manne tu: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kadi iliyotolewa kwa mchezaji asiye mkosaji. Katika hayo kuna hatua mbili ambazo watangazaji wengi huzichanganya. Ukaguzi hufanyika kimyakimya kwa kila tukio la aina hiyo, na mara nyingi mchezo huendelea bila mtu kujua. Mapitio huja pale tu kosa linapoonekana: mwamuzi wa kati huchora umbo la skrini hewani kwa vidole, kisha ama anapokea taarifa, kama ni suala la kuotea, ama anakwenda mwenyewe kutazama picha pembeni mwa uwanja, kama ni suala la kupima uzito wa rafu.

Kigezo cha kuingilia ni kosa la wazi, au tukio zito ambalo mwamuzi hakuliona kabisa. Hapa ndipo utata mwingi unapozaliwa. Shabiki huuliza kama mwamuzi alipatia. Msaidizi wa video huuliza kama picha zinathibitisha bila shaka kwamba alikosea. Zisipothibitisha, uamuzi wa uwanjani unabaki.

Yanga ya Tanzania wanalijua hilo vizuri. Tarehe 5 Aprili 2024, uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria, walirudiana na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika baada ya suluhu jijini Dar es Salaam. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki aliachia shuti, mpira ukagonga mtambaa panya, ukadunda chini karibu na mstari wa goli na kutoka. Mwamuzi Dahane Beida hakutoa bao, na uamuzi wake ukabaki. Wengi walioona marudio ya picha waliamini mpira ulikuwa umevuka mstari, na hasira yao inaeleweka, kwani Yanga walitolewa kwa penalti 3-2. Lakini sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote, na kamera isiyokaa sambamba na mstari huweza kudanganya jicho kwa sentimita kadhaa.

Suala kama hilo hutatuliwa vyema na chombo kingine, teknolojia ya mstari wa goli, ambayo haikuwapo Pretoria. Hiyo kweli ni mashine: hutuma ishara kwenye saa ya mwamuzi ndani ya sekunde moja. Iliruhusiwa 2012, miaka miwili baada ya bao la Frank Lampard dhidi ya Ujerumani kutohesabiwa mjini Bloemfontein.

Vifaa vya video navyo huweza kugoma. Mechi ya marudiano ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2019 kati ya Espérance na Wydad ilivunjika mjini Radès, Tunisia, baada ya bao la Wydad kukataliwa na wachezaji wake kugundua kwamba VAR waliyoiomba haikuwa ikifanya kazi. Wydad waligoma kuendelea, na ubingwa hatimaye ukabaki kwa Espérance. Kisheria, kuharibika kwa vifaa hivyo hakubatilishi mechi.