Maadilisho

Katika maneno ambayo sheria za Tanzania zimeyatwika kazi nzito, neno maadilisho ladhihirisha hekima ya waliolichagua, kwani shina lake ni adili, lililotujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya haki na insafu. Hivyo mtoto aliyekosa, anapopelekwa Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya, jina lenyewe lamwahidi kwamba atanyoshwa tabia kwa kutendewa haki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaafikiana na ahadi hiyo, maana imekataza mtoto kuhukumiwa kifungo, tena imeamuru shauri lake lisikilizwe faraghani, kwa taratibu zisizo na ukali, afisa wa ustawi wa jamii akiwapo.

Lakini mahali awekwapo mtoto huyo huyo akingojea shauri lake twapaita mahabusu, neno litokalo katika habsi, na nani asikiaye habsi asifikiri makomeo na kufuli? Wapo wasemao kuwa jina halimdhuru mtu. Mimi naona lamdhuru sana mtoto wa miaka 13, ambaye majirani watamwita mahabusu kabla hakimu hajatamka lolote, na ambaye, hata akionekana hana hatia, atarejea darasani na lakabu hiyo mgongoni. Lugha yetu haikosi la kutufaa: tunalo neno hifadhi, jepesi kutamkika na lisilomtuhumu mtu, nami nawasihi watunga sheria wetu walifikirie siku watakapoifungua tena sheria hiyo.